Mfuko wa kulalia wenye miguu: maoni ya mama mshonaji mwenye mtoto asiyetulia usiku

Mtoto anayejigaragaza usiku kucha hafunikiki. Utamfunika vizuri, utachomeka ncha za blanketi chini ya godoro, na ukirudi baadaye utakuta blanketi limebaki peke yake na yeye kalala kifudifudi upande wa pili wa kitanda, miguu wazi mpaka magotini. Mwanangu yuko hivyo tangu alipojua kugeuka. Sasa ameshapita miaka miwili na hali ni ile ile. Nimemvalisha mfuko wa kulalia wenye miguu katika majira ya baridi kali na ya baridi ya kawaida, na nataka kuueleza kwa kirefu, kwa sababu maoni mengi ninayoyasoma kuhusu nguo hizi yanaishia kwenye ulaini wa kitambaa na picha za wanyama zilizochapishwa juu yake. Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikifika mikononi mwangu naigeuza ndani nje kwanza, nasoma mishono, ndipo naangalia rangi.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, ni vazi lisilo na mikono, linaanzia mabegani, ni pana kiunoni na mapajani, kisha linagawanyika miguu miwili kama suruali. Nje ni pamba ya kufuma inayovutika kidogo, bitana ni pamba vilevile, na katikati kuna ujazo wa nyuzi za poliesta ulioshikizwa kwa mishono ya mistari ili usikusanyike pamoja. Zipu inaanzia shingoni, inashuka kifuani, halafu inapinda kufuata mguu mmoja hadi chini. Kila mguu unaishia kwenye ribu, yaani ukingo wa kufuma unaovutika, inayobana kifundo, na hapo kuna kifuniko ambacho unaweza kukikunja kikafunika vidole au kukirudisha nyuma mtoto akitaka kutembea. Wetu ni wa togi 2.5, kipimo cha kuzuia joto nitakachokieleza mbele. Jina la kampuni naliacha kwa makusudi. Kampuni kadhaa hushona kwa mtindo huu, na ninayoyasema hapa yatakusaidia kukagua wowote utakaoushika.

Hukumu yangu naitoa mapema: ni nguo nzuri, inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya, na ubora wake umo kwenye mkato. Unene wake hauna cha ajabu. Kama unamnunulia mtoto asiyetulia, usianze kwa kuubonyeza kuona ni mzito kiasi gani. Anza na shingo, matundu ya mikono na msamba.

Niseme kwanza kwa nini watoto hawa hujifunua, maana bila kulielewa hilo utanunua kitu kizito kuliko kinachohitajika. Mtu anapoingia usingizini mwili hushusha joto lake la ndani. Damu nyingi zaidi husukumwa kwenye ngozi, hasa ya mikono na miguu, ili joto litoke nje. Watoto wengi wadogo hutoka jasho kichwani na shingoni katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, hata chumba kikiwa cha baridi. Huo ndio wakati wanaolipiga teke blanketi, na wana haki ya kulipiga, kwa sababu kweli wanaona joto. Usiku unavyosonga, joto la mwili linaendelea kushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa saa chache kabla ya kuamka, na chumba nacho kwa kawaida hufikia baridi yake kubwa karibu na mapambazuko. Mtoto yule yule, usiku ule ule, saa nne alitaka kupoa na saa kumi anataka joto. Saa kumi mzazi amelala, na blanketi liko sakafuni.

Ukimvisha kitu kizito mno kwa kuihofia hiyo saa kumi, atatokwa jasho saa nne. Jasho likishaloanisha fulana ya ndani, linakuja kumpoza baadaye, kwa kuwa maji hupitisha joto kwa wepesi wa zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana kuna watoto wanaovalishwa sana wakaamka wakilia kwa baridi. Nguo ya usiku mmoja mzima lazima ivumilike mwanzoni na itoshe mwishoni, na lazima iwe palepale mwilini nyakati zote mbili.

Sasa mkato wenyewe. Nguo haina joto la kwake. Joto linatoka kwa mtoto, na nguo inachofanya ni kuishika hewa iliyo karibu na ngozi isihame. Mtoto aliyetulia hewa hiyo anaitunza hata kwa shuka jepesi. Mtoto anayejigeuza anaipuliza nje kila anaporusha goti: nguo inabonyea, hewa yenye moto inatokea shingoni na makwapani, kisha nguo inajitanua na kuvuta hewa baridi ya chumbani. Kwake yeye mdomo wa nguo una uzito kuliko unene wake. Shingo iliyolegea inaweza kuufanya ujazo mzuri usiwe na maana.

Katika mfuko huu shingo imekatwa vizuri. Imezungushiwa ribu ya pamba yenye upana wa kidole, inayogusa ngozi pande zote bila kubana, na ukipitisha vidole viwili kati ya ribu na shingo vinaingia kwa raha lakini mkono mzima haupiti. Hilo ni jambo la usalama pia. Tundu la shingo likiwa kubwa kuliko inavyofaa, mtoto anaweza kuteleza ndani na nguo ikamfunika uso. Ulaya wana kiwango chao cha mifuko ya kulalia ya watoto, EN 16781 cha mwaka 2018, na kabla yake Uingereza ilikuwa na BS 8510 cha mwaka 2009. Wetu una namba ya hicho cha Ulaya kwenye lebo ya ndani, mshononi pembeni. Itafute namba hiyo kabla ya kulipa. Isipokuwepo, mvalishe mtoto, funga zipu, kisha jaribu kuupandisha mfuko kutoka mabegani: ukifika mdomoni, urudishe.

Matundu ya mikono yamezungushiwa ribu ileile na yamepanda juu, karibu na kwapa. Mifuko mingi niliyoishika madukani ina tundu lililoshuka hadi mbavuni, eti mtoto avalishwe kwa urahisi. Urahisi huo mtoto anaulipia usiku kucha. Hapa utapata tabu kidogo kuingiza mkono wa pili, hasa mtoto akiwa ameshasinzia, lakini ukishaingia mbavu zote zimefunikwa.

Halafu msamba, na hapa ndipo fundi aliyeuchora mfuko huu aliponifurahisha kweli. Suruali ya kawaida ina mishono minne inayokutana msambani kwenye nukta moja, na mtoto akitanua miguu nukta hiyo ndiyo inayovuta kila kitu: inavuta mgongo wa nguo chini, inavuta kifua, inakunja mabega. Kwenye mfuko huu wamekata kipande cha pembe nne, kikubwa kuliko kiganja changu, wakakishonea katikati ya mapaja. Ukimlaza mtoto chali na kumtanua miguu mpaka magoti yaguse godoro, kipande kile kinafunguka na shingo haisogei hata kidogo. Nilimfanyia hivyo mezani siku ulipofika, naye anacheka akidhani ni mchezo. Nikamgeuza tumboni, nikampandisha magoti chini ya kifua, mkao anaoupenda kuliko yote, na mgongo wa nguo ukabaki umelala bila kukakamaa.

Kipande hicho ndicho kinachoutofautisha na mfuko wa chini uliofungwa, ule usio na miguu. Kwa mtoto mchanga ule uliofungwa hauna mpinzani, maana bado hasimami. Mtoto wa miaka miwili husimama kitandani, hukimbilia mlango, hupandisha miguu ukutani akiwa amelala. Akipandisha miguu ukutani ndani ya mfuko uliofungwa, kitambaa chote kinaelekea juu na mabega yanakazwa, na akisimama ghafla gizani anajikanyaga pindo. Huu wa miguu anatembea nao bila shida. Wangu anazunguka kitandani kama mshale wa saa, na nguo inazunguka naye.

Usiku mmoja wa baridi niliingia kumwangalia alfajiri. Alikuwa amejikunja kwenye kona, kichwa kimegusa ubao wa kitanda, mguu mmoja umechomoza katikati ya fito, shuka la chini limejikusanya mgongoni. Niliingiza vidole nyuma ya shingo, chini ya ribu, nikakuta pakavu na pana joto zuri. Viganja vilikuwa baridi. Niliviacha hivyo hivyo. Viganja na nyayo vya mtoto mdogo hupoa upesi na havikuambii kitu cha maana kuhusu mwili wake. Ukitaka kujua kama ana baridi au joto, gusa nyuma ya shingo, kifua au tumbo. Ukikuta unyevunyevu na nywele zimegandamana kwa jasho, punguza nguo moja ya ndani. Ukikuta kifua kimepoa, ongeza. Nawaona wazazi wanagusa vidole, wanaingiwa na hofu, wanarundika soksi na kofia. Kofia ndani ya nyumba wakati wa kulala siyo ya mtoto mdogo kabisa: kichwa ndicho anachotolea joto la ziada, na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2022 kinashauri watoto wachanga wasilazwe na kofia ndani ya nyumba.

Kuhusu togi, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Ni kipimo cha jinsi nguo au tandiko linavyozuia joto lisipite. Kilitokana na kazi ya Taasisi ya Shirley ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1940, mahali walipokuwa wakichunguza vitambaa, na hadi leo ndicho kinachoandikwa kwenye mifuko ya watoto. Watengenezaji kwa kawaida hupanga hivi: togi 0.5 kwa chumba chenye joto la nyuzi 24 na kuendelea, togi 1 kwa nyuzi 20 hadi 24 hivi, togi 2.5 kwa 16 hadi 20, na togi 3.5 kwa chumba kilicho chini ya 16. Mipaka inatofautiana kidogo kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma lebo yako. Lullaby Trust, shirika la Uingereza linaloshughulika na usalama wa watoto wachanga wakiwa wamelala, linapendekeza chumba cha nyuzi 16 hadi 20, na kwa chumba cha aina hiyo togi 2.5 ndiyo ya katikati.

Kipimajoto cha chumbani kitakusaidia kuliko kukisia. Kitundike karibu na urefu wa kitanda cha mtoto, mbali na dirisha, na ukisome alfajiri. Usomaji wa jioni unadanganya, kwa kuwa nyumba bado ina joto la watu na la mapishi.

Dada yangu aliniazima wa togi 3.5 wa mwanawe, nikaujaribu katika chumba kile kile. Mwanangu alilowa mgongoni kabla sijaenda kulala mwenyewe, na mfuko ukarudi kwa mwenyewe. Kuongeza joto ni rahisi zaidi chini ya mfuko: fulana nyepesi ya mikono mirefu na pajama ya pamba juu yake, usiku ukiwa wa kawaida pajama peke yake. Mikono kubaki nje ya mfuko ni faida, maana hapo ndipo anapopumulia joto la saa nne. Ila hakikisha pajama ina ribu mikononi. Mikono mipana inapanda hadi kwenye viwiko akijigeuza, na asubuhi utamkuta mikono wazi kabisa.

Pajama ya chini iwe ya pamba au sufu laini. Zile za flisi zinazoteleza vizuri mkononi ni za poliesta tupu. Kwa matembezi ya mchana sizikatai, lakini kwa mtoto anayetoka jasho kichwani usiku, flisi chini ya mfuko wenye ujazo ni joto lisilo na pa kutokea. Sufu ya merino ni bora kuliko zote kwa sababu hunywa unyevu mwingi ikabaki na joto, ila ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na isisuguliwe, la sivyo itajikunja na kuwa ngumu.

Nimerudia kutaja zipu, na inastahili. Ina vichwa viwili, kimoja kinashuka kutoka shingoni na kingine kinapanda kutoka mguuni. Kubadilisha nepi usiku unafungua kutoka chini hadi nyongani tu, kifua kinabaki kimefungwa, mtoto hapati ule upepo wa ghafla unaomwamsha kabisa. Meno ni ya plastiki manene, hayana baridi ya chuma. Nyuma ya zipu kuna ukanda wa kitambaa urefu wote, kwa hiyo haigusi ngozi, na juu kabisa kuna kijifuko kidogo ambamo kichwa cha zipu kinaingia kisimkwaruze kidevu. Kijifuko hicho ndicho cha kwanza kuharibika kwenye nguo duni. Kwenye huu kimeshonwa mara mbili na hakijalegea.

Lawama yangu kwenye zipu ni ile kona inapopinda kuingia mguuni. Ujazo umeachwa mnene mno pale, mshono umevimba, na kichwa kinagoma. Usiku, kwa mkono mmoja, na mwingine umemshika mtoto anayepiga mateke, kugoma huko ni adha. Nimekuwa nikiupitisha mshumaa mkavu kwenye meno kila baada ya kufua na sasa kinateleza. Hata hivyo nguo mpya isingepaswa kuhitaji mshumaa. Kiwandani wangepunguza ujazo kwa upana wa kidole tu pembeni ya zipu, yangeisha.

Na vifuniko vya miguu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Wazo ni zuri, kazi imelipuliwa. Kifuniko ni kitambaa cha tabaka moja kisicho na ujazo, kimewekewa mpira mwembamba kisiginoni, na mtoto akisugua mguu kwenye godoro kinatoka. Wangu alijifunza upesi. Ananyoosha mguu, ananiambia, "Mama, toa hii," nikichelewa anaitoa kwa kidole gumba cha mguu wa pili. Soksi za kawaida nazo zinavuka. Kilichonifaa ni soksi ndefu za pamba zinazofika chini ya goti, zikaingizwa chini ya pajama, na ribu ya mfuko ikakaa juu yake. Hapo vitatu vinashikana na hakuna kinachovuka. Kama huna soksi ndefu, shona mpira mpana zaidi kisiginoni. Sehemu hiyo mimi nimeifumua na kuishona upya kwa mpira wa sentimita mbili, na kifuniko sasa kinakaa hadi asubuhi mara nyingi. Chini ya nyayo wameweka vidoti vya mpira vya kuzuia kuteleza, na hivyo vinafanya kazi sakafuni, nawapongeza.

Mtoto wako akianza kufungua zipu mwenyewe, na watoto wa umri huu wanaigundua, usitie pini wala kifungo cha kushonea juu yake. Kifungo kinaweza kung'oka kikaishia mdomoni. Nilichokifanya ni ulimi mdogo wa kitambaa kileile cha pamba, nikaushonea pande zote mbili za shingo, ukiwa na vifungo vya kubana vilivyopigwa kwa mashine, ukifunika kichwa cha zipu. Anaupapasa, anachoka, analala. Usitumie kamba wala utepe wa kufunga shingoni kwa namna yoyote.

Chini ya mtoto nako kunahitaji neno. Ujazo wa mfuko unabonyezwa na uzito wake, hewa inaisha, na upande uliogusa godoro hauzuii joto kama upande wa juu. Kama kitanda kipo juu ya fito wazi na godoro ni jembamba, baridi itapanda kutoka chini na utaulaumu mfuko bure. Kwa mtoto aliyevuka mwaka, blanketi jepesi la pamba lililotandazwa bapa chini ya shuka, kisha shuka likakazwa vizuri lisikunjamane, linaleta tofauti kubwa. Na sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje na dirisha. Anayependa kuegemeza miguu ukutani atapoteza joto nyingi kwa ukuta wa baridi.

Watu wameniuliza kuhusu mifuko yenye uzito, ile iliyotiwa shanga kifuani ikisemekana inamtuliza mtoto. Sikununua na sitanunua. Mwongozo ule ule wa 2022 unasema vitu vyenye uzito visiwekwe juu ya mtoto mchanga aliyelala wala karibu yake. Wangu si mchanga tena, lakini mtoto asiyetulia anahitaji kuweza kujigeuza bila kubebeshwa kitu kifuani. Chupa ya maji ya moto na blanketi la umeme visiachwe kitandani kwa mtoto mdogo, kwa sababu ngozi yake huungua upesi na hajui kujisogeza. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kwa saa hata moja: gesi yake ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi na huua watu usingizini. Yote haya watu huyafikia kwa kukata tamaa na mtoto anayejifunua, naielewa hofu yao, na ndiyo sababu nashikilia kwamba nguo inayovalika ndiyo jibu. Mfuko huuhuu pia uvue kabla ya kumfunga kwenye kiti cha gari, hata kama miguu yake inaruhusu mkanda kupita. Ujazo unauacha mkanda ukiwa umelegea bila wewe kuona.

Kufua: maji ya nyuzi 40, zipu imefungwa mpaka juu, umegeuzwa ndani nje. Ujazo umebaki mahali pake, haujafanya mabonge, na pamba ya nje imechakaa kidogo tu magotini. Ila unachelewa kukauka. Ukianikwa kivulini siku ya mawingu, jioni msambani bado pana unyevu, na ribu za miguu ndizo za mwisho kabisa. Usimvalishe ukiwa na unyevu wowote. Nepi ikivuja usiku, mfuko mmoja haukutoshi, na heri kununua miwili ya kawaida kuliko mmoja wa kifahari. Nepi ya usiku iwe saizi moja juu ya ile ya mchana, maana mtoto mwenye nepi iliyovuja atapoa hata ndani ya togi 3.5.

Saizi huchaguliwa kwa urefu wa mtoto, umri uuweke pembeni. Wangu ana karibu sentimita 90, nikachukua ule ulioandikwa 90 hadi 100, na miguu ilikuwa mirefu kwa muda. Ribu ya kifundo ndiyo iliyookoa hali, ikaushika mguu juu na kitambaa kilichozidi kikajaa kwenye shavu la mguu bila kumkwaza. Usichukue mkubwa zaidi ya hapo kwa kubana matumizi. Shingo itakuwa pana, msamba utashuka magotini, na vile viwili ndivyo ulivyovinunua.

Kama mtoto wako ameanza kuachishwa nepi za usiku, fikiria tena. Hawezi kuuvua mwenyewe, na ulimi wangu wa zipu unazidi kumzuia. Kwa mtoto wa hatua hiyo, pajama mbili nzuri za vipande viwili, ya juu ikiwa ndefu ya kuchomekwa na ya chini ikiwa na kiuno cha juu, zitamfaa kuliko mfuko wowote. Mikato yake nimeshaanza kuichora.